Maneno Ishirini ya Werema

Itiryo, Tarime
3 Juni 2024

Na hilo la mwisho uliloniuliza, Madam Stefania, kama ninampenda kweli au nimeolewa tu ili niondoke nyumbani, nakujibu kabla hata ya kukuamkia: nampenda! Haya, shikamoo sasa. Nampenda mpaka nikienda kuchota maji nacheka peke yangu, na wanawake wa kisimani wananiuliza nimeokota nini njiani.

Ulitaka kujua ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa maneno, Madam. Unakumbuka ulivyotufundisha kidato cha tatu hapo Kisaka? Ulisema neno jipya usikariri maana yake ukaliacha, lazima ulitungie sentensi iliyotoka kwenye maisha yako, la sivyo litakukimbia. Darasa zima lilikuwa linatunga sentensi za Juma na Asha, wewe unarudisha madaftari: "Asha ni nani? Andika habari zako!" Basi Mungu kanipa mume wa aina hiyo hiyo. Ana maneno ishirini, magumu hasa, na kila siku napata moja na sentensi yake. Sikiliza hii ya neno HAIBA:

"Msichana mwenye haiba hahitaji kusema, akipita tu ndama wanaacha kunyonya."

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na hakuna mvulana aliyewahi kuniambia kitu cha namna hiyo. Wao walikuwa wanapiga mluzi tu. Tangu siku hiyo nikipita zizini nawaangalia ndama kwanza. Bado wananyonya, lakini sijakata tamaa.

Na hii ya neno SHAUKU: "Nina shauku ya kumpata mtu atakayesoma maandishi yangu mpaka mwisho." Madam, mtu huyo si ni mimi?

Mama mkwe wangu anaitwa Robi. Ananipenda kuliko nilivyopendwa kwetu. Baada ya kukamua tunakaa mlangoni, namsomea neno la siku, kisha na yeye analitungia sentensi yake. Hajakaa darasani hata siku moja na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini anajitahidi kunishinda. Nilimpa neno HAIBA, akafikiri, akamtazama mbuzi wa jirani yetu, akasema, "Mbuzi wa Regina hana haiba, ana njaa." Ni sahihi au si sahihi? Mimi nimempa vema.

Barua hii anaileta Simioni, dereva wa fuso anayebeba mahindi kuja huko kwenu. Simu nilimwachia mdogo wangu, na hapa mtandao haupatikani mpaka upande mlimani. Afadhali barua. Kwenye barua furaha inakaa.

Mwanafunzi wako mwenye ndoa,
Ghati

*

Kisaka, Serengeti
9 Juni 2024

Mpendwa Ghati,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, kama kawaida yangu, na nimecheka kwa ajili ya mbuzi wa Regina. Mwambie mama mkwe sentensi yake ni sahihi na ina maana, vitu viwili ambavyo havikutani kila siku.

Lakini umenijazia kurasa mbili na hujaniambia mumeo anaitwa nani, ana umri gani, anafanya kazi gani. Nimekuona ukikua tangu kidato cha kwanza, najua unapoficha kitu unaongeza alama za mshangao. Je, yuko hapo nyumbani? Au ni mmoja wa hawa wanaokwenda Sirari mpakani wanarudi mara moja kwa mwezi? Umeniandikia mengi kuhusu sentensi zake, kuhusu yeye mwenyewe hakuna.

Niambie ukweli. Sitakugombeza.

Mwalimu wako,
Stefania

*

Itiryo
15 Juni 2024

Madam wangu, shikamoo.

Umenikamata. Anaitwa Werema. Yuko hapa nyumbani, nyuma ya zizi, chini ya mawe ambayo Mama anayafagilia kila asubuhi.

Tafadhali usiiweke barua chini. Wewe ni mtu wa Muleba, labda jambo hili ni geni kwako, ingawa umekaa na sisi miaka mingi. Mama Robi alizaa mabinti watatu, wote wameolewa, na mtoto wa kiume mmoja, ambaye ni Werema. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike. Mama anatoa ng'ombe, anaoa mkamwana kwa jina la mwanawe. Watoto nitakaozaa wataitwa wa Werema. Sikulazimishwa. Nilikuja hapa na shangazi kuangalia, nimenuna kabisa, nimeshaandaa maneno ya kukataa. Mama akanipa kigoda, akaingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwenye kitenge. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Mabinti zangu wanasoma haraka haraka kama wanafukuzwa, wala hawafiki katikati. Wewe nisomee, mwanangu anasema nini?"

Nikafungua. Neno la tatu lilikuwa RIDHAA. Ameandika: "Sitaoa mwanamke bila ridhaa yake."

Madam, nani mwingine kwenye wilaya hii aliniuliza? Yeye peke yake aliniuliza. Nikamwambia shangazi arudi na habari kwamba nimekubali.

Wanawake wa kisimani wananitania. Regina juzi aliniambia mbele za watu, "Mke wa Werema, vipi, mumeo jana alikoroma?" Nikamwambia, "Wa kwako ndiye anakoroma, mpaka tunamsikia kwetu." Wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Lakini ukweli ni kwamba kuna kitu. Koti lake la shule linaning'inia kwenye msumari chumbani kwangu, na nikisoma sentensi yake kwa sauti naona kama mtu aliyekuwa ananong'ona pale kwenye koti amenyamaza ili anisikilize. Siogopi. Nasoma vizuri zaidi.

Kuhusu watoto, usiniulize. Mama alimtaja mtu wa kuzaa nami kwa jina la Werema, Erasto, fundi wa pikipiki. Wazee walikuja kulizungumza. Mama akawasikiliza, wakamaliza, akasema, "Ridhaa ya mkamwana wangu haijapatikana." Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza ridhaa ni ng'ombe wangapi. Mama akasema, "Si ng'ombe. Ni kitu cha kwenye daftari." Wakaondoka!

Kitu kimoja tu kinamuumiza Mama. Werema alikufa maji Aprili 2013, akiwa kidato cha nne kwenye shule ya kata ya huku Tarime. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Mama alimtuma akamtafute ng'ombe mwekundu aliyepotea, na jioni wakaja kumwambia ameonekana Mto Mara. Anaamini alifuata nyayo mpaka huko. Ng'ombe alirudi mwenyewe. Miaka kumi na moja sasa Mama hatamki neno Jumamosi. Anasema "siku ile kabla ya kanisa."

Tumefika neno la kumi na tatu, maana siku nyingine tunarudia ya zamani. Sisomi mbele. Najinyima makusudi, kama mtoto anayeficha sukari guru.

Ghati, mke wa Werema

*

Kisaka
20 Juni 2024

Ghati,

Naandika kwa haraka, Simioni ananisubiri barabarani.

Nimeelewa kuhusu ndoa yako na sikuhukumu. Nakuomba jambo moja. Hilo daftari linazeeka, karatasi za miaka ile zinavunjika. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni umpe Simioni, nilitunze hapa kwenye kabati la shule. Nitalinakili kwa mwandiko mzuri na kukurudishia maneno yanayofaa.

Na msiendelee kusoma kupita neno la kumi na tano. Mfanyieni marudio mama ya hayo aliyonayo. Mtu mzima akijifunza maneno mengi kwa mara moja yanachanganyika.

Niweke kwenye kundi la watu wanaokutakia mema.

Stefania

*

Itiryo
28 Juni 2024

Madam,

Shikamoo. Daftari sijampa Simioni.

Nianze na Mama, kwa sababu habari ya Mama ndiyo nilikuwa nakuandikia hata kabla barua yako haijafika. Neno la kumi na nne lilikuwa MAJUTO. Werema ameandika, "Majuto ya mlevi huja asubuhi pamoja na kiu." Tulicheka. Nikamweleza Mama kwamba majuto ni yale maumivu ya kutamani usingefanya ulilolifanya. Akaacha kucheka. Akakaa na lile neno mpaka maziwa yakapoa. Kisha akatunga sentensi yake:

"Mimi nina majuto, kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja jina lake kwa karani. Madam, miaka yote hiyo hakuwa na neno lake. Sasa analo, na analitumia kila siku. Anapika, anasema majuto. Anafagia yale mawe, anasema majuto. Mimi ndiye niliyempa neno hilo.

Ndipo ikaja barua yako. Nikajiuliza, Madam ambaye hajaliona daftari hili amejuaje kwamba baada ya kumi na tano kuna kitu? Nikafungua mbele. Kumi na sita hadi ishirini. Nakunakilia, ingawa nadhani huhitaji.

SHINIKIZO: "Vijana wa rika langu wananipa shinikizo niende nao ng'ambo ya mto kuchukua ng'ombe wa watu."

DHIHAKA: "Nikikataa wananifanyia dhihaka kwamba mimi ni mke wa daftari."

GHARIKA: "Mvua za wiki hii ni gharika na mimi sijui kuogelea."

MASHAKA: "Nina mashaka kama Jumamosi nitarudi nyumbani."

NASAHA: "Mwalimu, naomba nasaha kabla ya Ijumaa."

Chini yake kuna wino mwekundu. Vema, vema, vema, kila moja. Halafu: "20/20. Matumizi sahihi ya maneno. Hongera!" Ile H ya Hongera ina mkia unaorudi nyuma na kukata mguu wake. Nimeiweka karibu na barua yako, pale ulipoandika "Hilo daftari". Madam, H ni ile ile.

Nilikaa na vitu viwili mapajani, daftari lake na barua yako, na koti likiwa juu yangu. Kwa mara ya kwanza nililigeuza, mifuko ikatazama ukuta. Nilidhani alikuwa ananiandikia mimi. Ile shauku ya kupata mtu wa kumsoma mpaka mwisho niliivaa kama pete. Kumbe alikuwa anakuita wewe, na wewe ulikuwa hapo hapo, mezani.

Sikuandikii kwa hasira. Ninashindwa hata kuipata. Nakuandikia kwa sababu Mama anaamini amemuua mwanawe kwa ajili ya ng'ombe mwekundu, na mimi nina ukurasa unaosema alikuwa amepangiwa kwenda, atumwe asitumwe. Nikimsomea, mzigo wake unashuka, lakini mwanawe mwema anageuka kuwa kijana aliyekufa kwenye safari ya wizi. Nikinyamaza, namwachia mtoto wake na namwachia majuto yake. Jana ameuliza neno la kumi na sita ni lipi. Nimemwambia macho yananiuma.

Madam, na mimi naomba nasaha.

Ghati

*

Kisaka
4 Julai 2024

Mpendwa Ghati,

Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kituo changu cha kwanza cha kazi. Nilikuwa na madaftari mia moja na ishirini juu ya meza, na ndani yake nilikuwa natafuta makosa. Hiyo ndiyo kazi niliyojua. Kwenye daftari la Werema sikuona kosa, nikafurahi, kwa sababu lilikwenda haraka.

Siku ya Ijumaa niliyarudisha. Wengine walichukua wakaondoka. Yeye akasimama mbele ya meza, amelifungua ukurasa wa mwisho. Nilidhani anataka kushukuru. Nikamwambia, "Nenda, umefaulu." Akaniangalia. Akasema, "Ndiyo, Madam." Akafunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Jumatatu walitangaza kifo chake mstarini. Ndipo ile sentensi ya mashaka ikanirudia, neno kwa neno. Nikataka kulitafuta daftari, nikaambiwa liko kwa mama yake. Sikwenda msibani. Niliomba uhamisho, nikaandika sababu za kiafya. Ninyi wanafunzi wangu wa Kisaka mlinisifu kwamba nasoma kila kitu mara mbili. Mlifikiri ni upole. Kila mwaka nikifika sentensi ya kumi na tisa ya mtoto yeyote, nasikia "Ndiyo, Madam," na naangalia mbele ya meza.

Ulipotaja jina lake nilitaka kuliiba daftari. Hakuna neno zuri zaidi la kitu nilichokusudia.

Nimeombwa nasaha mara mbili na nyumba hiyo hiyo. Mara hii najibu. Msomee. Usiruke hata neno moja, wala usilainishe. Mwambie hakwenda kuiba kwa tamaa, alisukumwa, na aliomba msaada kwa mtu aliyepaswa kumsaidia. Mtajie jina langu, na mahali nilipo.

Kuja kwenu siwezi, Ghati. Nimejaribu kujiona nikifika kwenye ule mlango, miguu inakataa. Mwambie na hilo pia.

Stefania

*

Itiryo
11 Julai 2024

Madam, shikamoo.

Nimemsomea.

Tulimaliza kukamua. Nikamwambia Mama leo tunasoma matano kwa pamoja. Akasema, "Umekuwa na haraka kama mabinti zangu." Nikamweleza maana ya kila neno kwanza, kama ulivyotufundisha, kisha nikasoma sentensi. Kwenye SHINIKIZO akauliza, "Rika lipi, la akina nani?" Nikasema hakuandika majina. Kwenye GHARIKA akashika mguu wa kigoda changu. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia hiyo ya siku ile." Nikarudia, na akaitamka yeye mwenyewe: Jumamosi.

"Kwa hiyo alikuwa anakwenda, hata kama nisingemtuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Na aliponiambia sawa Mama, nakwenda kumtafuta ng'ombe, alikuwa ananiaga?"

Nikafunga daftari. Akasimama. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Walikuja msibani. Vijana wale. Walichimba kaburi, wakanawa, wakala ugali wangu," akaenda kukaa zizini katikati ya ndama mpaka jua likawa juu. Sikumfuata. Niliingia chumbani, nikaligeuza koti lake kama lilivyokuwa.

Kesho yake hakusema majuto. Nilisubiri, siku nzima, hakusema. Jioni ndipo akaniita.

"Hilo la mwisho. Nasaha. Niambie tena."

"Ni maneno anayokupa mtu anayekutakia mema, ili ujue la kufanya."

"Na huyo mwalimu alisoma?"

"Hakusoma, Mama. Aliangalia tu kama ni sahihi."

"Ilikuwa sahihi," Mama akasema. "Mwanangu hakukosea."

Ndipo nikamwambia kwamba mwalimu huyo ndiye Madam wangu, yule yule ambaye njia yake ya maneno nimemletea hapa mlangoni. Nikamsomea barua yako yote, mpaka pale pa miguu kukataa. Alisikiliza akiwa ameshika tama. Nilipofika kwenye "Ndiyo, Madam," akaniambia nisome tena, na tena, mara nne. Akauliza kama umeandika alikuwa amevaa nini. Akauliza kama alisimama wima au aliegemea. Mimi nimeolewa na mtu huyu, Madam, sijawahi kumwona akisimama. Mama naye hakumwona akiwa darasani. Wewe tu ndiye uliyemwona siku ile akiwa na daftari mkononi.

Kuhusu mimi, utataka kujua. Mwanzoni niliona aibu, kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake akailia machozi. Sasa simwoni tena yule mvulana wa ndama tu. Naona na yule anayeogopa maji. Nampenda huyo wa pili kwa namna nyingine, bila kucheka kisimani. Regina aliniuliza kama nimegombana na mume wangu. Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza tumeanza kuzungumza.

Mama amekaa siku tatu akifikiri. Leo asubuhi ametoa gauni lake la kanisa akalianika, na akanipa ujumbe. Ameniambia niuandike kama alivyosema, nisiongeze chumvi:

"Mwambie mwalimu nimesikia maneno ya mwanangu kwa sauti ya mke wake. Sasa nataka kuyasikia kwa sauti ya yule aliyeandikiwa. Yote ishirini. Ayasome yeye, mimi nimwangalie usoni. Akimaliza, nitamuuliza habari za Ijumaa, na yeye atanijibu. Kama miguu yake imekataa, mimi yangu haijakataa."

Nilimkumbusha kwamba kuja Kisaka ni lazima kuvuka daraja la Mto Mara, na tangu mwaka ule hajawahi hata kuutazama mto ule. Akasema anajua daraja liko wapi. Simioni amekubali kutupakia mbele, Mama dirishani, mimi katikati na daftari. Sijui atakuambia nini akifika, na mimi sikuombei wala simwombei. Kaa nyumbani tu, usisafiri. Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Ghati